Kati ya 69.9 na 105: saa ambazo Dentsu haikuziona

Katika rekodi zake za mwezi Oktoba 2015, mfanyakazi mpya wa kampuni ya matangazo ya Dentsu jijini Tokyo alijaza kwamba amefanya saa za ziada 69.9. Novemba akajaza 69.5. Kikomo ambacho kampuni na chama cha wafanyakazi walikuwa wamekubaliana ni saa 70 kwa mwezi. Yeyote aliyewahi kusimamia mahudhurio kazini anajua tarakimu za aina hii zinasema nini. Aliyezijaza hakuwa akihesabu muda aliofanya kazi. Alikuwa akihesabu muda anaoruhusiwa kuuandika.

Mfanyakazi huyo ni Matsuri Takahashi, aliyekuwa na umri wa miaka 24. Tarehe 25 Desemba 2015 alijitoa uhai. Wakaguzi wa kazi walihesabu upya na kukuta kwamba kati ya tarehe 9 Oktoba na 7 Novemba, yaani mwezi mmoja kabla ya sonona kumshika, alikuwa amefanya saa za ziada zipatazo 105. Ndani ya pengo hilo, kati ya namba iliyoandikwa na namba ya kweli, ndimo afya yake ilimovunjikia, na ndimo nitakamokaa katika uchambuzi huu. Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama habari za Wajapani na tabia yao ya kujiua kwa kazi. Kikisimuliwa hivyo, hakuna mwajiri mwingine duniani anayelazimika kujitazama.

Namna alivyokufa siitaji, wala ujumbe wa mwisho aliomwandikia mama yake siunukuu. Havimsaidii mtu kuelewa kilichotokea, na vinaweza kumuumiza msomaji ambaye mwenyewe yuko katika kipindi kigumu.

Binti aliyefika alikotaka

Matsuri alilelewa mkoani Shizuoka na mama yake, Yukimi, aliyebeba familia peke yake. Aliingia Chuo Kikuu cha Tokyo, akasoma mwaka mmoja nchini China, na akiwa bado mwanafunzi alifanya kazi ya muda katika gazeti la kila wiki. Aprili 2015 akaajiriwa Dentsu, kampuni kubwa kuliko zote za matangazo Japani. Alitaka kumpunguzia mama yake mzigo wa maisha.

Naeleza haya kwa sababu katika visa vya aina hii swali la kwanza huwa kama marehemu hakuwa mtu laini asiyezoea shida. Matsuri alizizoea. Uvumilivu ndio uliomfikisha pale, na uvumilivu huohuo ulimzuia kuondoka. Mama yake alimshauri aache kazi. Alijibu kwamba ataamua mwenyewe kama achukue likizo au ajiuzulu.

Alipangiwa idara ya matangazo ya mtandaoni, akishughulikia mteja wa bima. Kazi hiyo ina sura yake. Tangazo la televisheni likishatoka, limetoka. Tangazo la mtandaoni halilali: kila siku linaleta takwimu mpya, mteja anataka ripoti, bajeti inahamishwa kutoka neno moja la utafutaji kwenda jingine, na wiki ijayo mzunguko unaanza upya. Oktoba 2015 kipindi chake cha majaribio kikaisha na mzigo ukapanda ghafla. Upande wa familia ulieleza kwamba watu wa kitengo chake walipunguzwa kutoka 14 hadi 6, kisha akaongezewa mteja mwingine. Kumbukumbu za mlangoni zinaonyesha kipindi mwishoni mwa Oktoba ambapo alikuwa ndani ya jengo kwa zaidi ya saa 50 karibu mfululizo.

Juu ya hayo kulikuwa na kazi ambayo hakuna aliyeiita kazi. Dentsu, wafanyakazi wapya ndio waliopanga tafrija za idara, na baada ya tafrija walikalishwa kutathminiwa walivyoipanga. Desemba ile Matsuri alikuwa na tafrija ya kufunga mwaka ya kuandaa. Saa za namna hii haziingii katika rekodi yoyote, lakini usingizi unazilipia.

Septemba 2016, kabla umma haujamjua Matsuri, Dentsu ilikiri hadharani kwamba wateja wake walikuwa wametozwa fedha za matangazo ya mtandaoni isivyo sahihi, na uongozi ukakubali kwamba idara hiyo ilikuwa na upungufu wa watu. Huu kwangu ni ushahidi mkubwa kuliko hotuba zote zilizofuata. Kazi ilizidi mikono iliyokuwepo, na kampuni ilijua.

Hesabu ya usingizi

Wataalamu wa Japani waliopanga mipaka ya saa za ziada hawakuibuni kwa kubahatisha. Tuchukue mwezi wenye siku 20 za kazi. Saa 100 za ziada ni saa 5 kila siku. Ukijumlisha saa 8 za kawaida na saa moja ya mapumziko, mtu yuko kazini saa 14. Zinabaki 10, na humo kuna safari ya kwenda na kurudi, kula, kuoga, na mambo machache ya nyumbani ambayo hakuna wa kumfanyia. Usingizi unabaki saa 5 hivi. Kwa saa 80 za ziada unabaki kama saa 6. Ndiyo sababu 80 na 100 zikawa namba za hatari zinapochunguzwa vifo vya moyo na kiharusi vinavyotokana na kazi, vile ambavyo Wajapani huviita *karoshi*.

Kwa akili, mambo yanakwenda kwa mzunguko. Usingizi ukipungua usiku baada ya usiku, umakini unashuka, kumbukumbu inateleza, na hisia zinakuwa juujuu. Ripoti iliyokuwa ya saa mbili inakula nne, kwa hiyo usiku unaofuata ni mfupi zaidi. Kisha sonona ikiingia, usingizi wenyewe unakimbia hata mtu anapopata nafasi ya kulala. Katika akaunti yake ya Twitter, Matsuri aliandika kwamba amepoteza hisia zote isipokuwa hamu ya kulala. Aliandika pia kwamba anaogopa siku inayofuata ifike, kiasi kwamba halali. Maneno haya mawili yakisomwa pamoja ni maelezo kamili ya ugonjwa, yametolewa na mgonjwa mwenyewe, mbele ya kila mtu.

Hapa pana jambo la kuwa waangalifu nalo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki, kulinganisha na saa 35 hadi 40, kunaongeza hatari ya kiharusi kwa asilimia 35 na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17, na kwamba watu 745,000 walikufa mwaka 2016 kwa sababu hiyo. Kwa sonona, uhakiki uliofanywa katika mpango huohuo haukupata ushahidi wa kutosha wa kufikia hesabu kama hiyo. Hilo halina maana kwamba saa ndefu hazigusi akili. Linaonyesha ugumu wa kuzipima zikiwa peke yake, kwa kuwa saa ndefu haziji peke yake. Zinakuja na bosi fulani, na mteja fulani, na kufaulu au kuaibika mbele ya wenzako. Anayetaka kujua zinavyoumiza akili sharti aangalie zimejazwa nini.

Dalili zilionekana

Za Matsuri zilijazwa dharau. Aliandika mtandaoni maneno aliyoambiwa na mkuu wake: kwamba saa zake 20 za ziada ni hasara kwa kampuni, kwamba kuonekana na usingizi kwenye kikao ni kushindwa kujisimamia, kwamba asije kazini na nywele timtim na macho mekundu, kwamba kama mzigo huu unamlemea basi uwezo wake ni mdogo mno.

Naomba msomaji ayapitie tena maneno hayo taratibu. Usingizi mchana. Macho mekundu. Mtu aliyekuwa nadhifu ameacha kujitunza. Amesema analemewa. Msimamizi aliziona dalili zote ambazo muuguzi angeziuliza, akazitamka moja moja, ila alizitamka kama makosa ya nidhamu. Watu husema tatizo la afya ya akili kazini ni kwamba halionekani. Hapa lilionekana waziwazi. Lililokosekana ni mtu mwenye mamlaka ya kusema, huyu leo aende nyumbani, na kazi yake igawanywe.

Saa 20 zile nazo zinahitaji kutazamwa. Mfanyakazi aliyeambiwa kwamba saa zake za ziada ni hasara hatapunguza kazi, kwa sababu kazi haijapungua. Atapunguza anachoandika. Ndivyo mtu anavyofika 69.9. Kuna faida ya pili kwa kampuni: baadaye pengo hilo linaweza kuelezwa kama muda ambao mfanyakazi alibaki ofisini kwa mambo yake binafsi, labda kujisomea. Dharau na rekodi ya uongo ni kitu kimoja, na mgonjwa anaachwa bila ushahidi hata mbele ya nafsi yake. Rekodi inasema amefanya kazi kiasi cha kawaida. Mwili unasema umekwisha. Anahitimisha kwamba kasoro iko kwake.

Ofisi ya ukaguzi wa kazi ya Mita, jijini Tokyo, ilipotoa uamuzi wake tarehe 30 Septemba 2016, ilikubali kwamba kifo kilitokana na kazi. Ilizingatia pia kasi ya mabadiliko: saa zake za ziada ziliruka kutoka takribani 40 hadi 105 mwezi mmoja kwa mwingine. Chini ya vigezo vya Japani vya wakati huo, saa 160 za ziada kwa mwezi zilitosha zenyewe kuhesabiwa kuwa mzigo mkubwa wa kisaikolojia. Chini ya hapo, wakaguzi hutazama saa pamoja na matukio mengine. Mruko wa ghafla ni tukio. Kudhalilishwa ni tukio. Naona vigezo hivi vina busara, maana vinakataa kumpima binadamu kwa namba moja.

Kampuni iliyokwisha kuonywa

Agosti 1991, Ichiro Oshima, kijana wa miaka 24 aliyekuwa na mwaka mmoja na miezi michache Dentsu, alijitoa uhai baada ya miezi ya kufanya kazi hadi usiku wa manane na wakati mwingine mpaka alfajiri. Naye alikuwa akiandika saa chache kuliko alizofanya. Kampuni ileile, umri uleule, mbinu ileile ya kujaza rekodi.

Wazazi wake walikwenda mahakamani, na safari yao ya kisheria inafaa kujulikana na kila ofisa rasilimali watu. Mahakama ya wilaya mwaka 1996 iliwapa ushindi. Mahakama ya rufaa mwaka 1997 ilikubali kosa la kampuni lakini ikapunguza fidia kwa asilimia 30, ikisema kijana alikuwa na tabia ya kujituma kupita kiasi na kwamba wazazi, waliokuwa wakiishi naye, hawakuchukua hatua. Tarehe 24 Machi 2000 Mahakama ya Juu ilikataa punguzo hilo. Ilisema mwajiri ana wajibu wa kuhakikisha kwamba uchovu na mzigo wa kisaikolojia unaorundikana hauharibu afya ya mwili na akili ya mfanyakazi. Na kuhusu tabia ikasema kwamba wafanyakazi wana tabia mbalimbali. Maadamu tabia ya mtu iko ndani ya upana wa kawaida wa binadamu, mwajiri alitakiwa kuitegemea anapogawa kazi, na hawezi kuja kuitumia kujipunguzia deni. Shauri lilimalizika kwa maridhiano ya yen milioni 168.

Hoja hiyo ya tabia ndiyo ninayoitetea kwa nguvu zangu zote. Kampuni huajiri watu wa kujituma kwa sababu wanajituma. Inavuna kujituma kwao kila siku. Siku kunapowavunja, haiwezi kugeuka na kusema kasoro ilikuwa hapo.

Dentsu ilisikia hukumu hiyo, lakini kijitabu cha wafanyakazi wake kiliendelea kubeba kanuni kumi zilizoandikwa mwaka 1951 na rais wake wa zamani, Hideo Yoshida, moja ikimtaka mfanyakazi akishashika jambo asiliachie hata kama litamuua, mpaka alitimize. Zilikaa humo hadi zilipoondolewa baada ya kifo cha Matsuri. Agosti 2015, akiwa ameshaajiriwa, makao makuu ya kampuni yaliandikiwa onyo na wakaguzi kwa saa za ziada zilizokiuka sheria. Jibu mojawapo la kampuni lilikuwa kupandisha kikomo chenyewe ili saa zilezile zihesabike halali. Waendesha mashtaka baadaye walieleza mahakamani kwamba hatua hizo zilikuwa za juujuu.

Kilichobadilika

Oktoba 2016 mama yake Matsuri, akiwa na wakili Hiroshi Kawahito, alijitokeza mbele ya waandishi wa habari na kusema hakuna kazi yenye thamani kuliko uhai. Yaliyofuata yalikwenda haraka. Dentsu ikaanza kuzima taa za ofisi saa 4 usiku. Tarehe 7 Novemba maofisa wa wizara ya kazi wakapekua makao makuu na matawi. Tarehe 28 Desemba rais wa kampuni, Tadashi Ishii, akatangaza kujiuzulu. Januari 2017 kampuni ikaafikiana na familia, ikaomba radhi na kuahidi hatua 18 za kuzuia jambo kama hilo lisirudi.

Kesi ya jinai ikaishia Oktoba 2017 kwa faini ya yen 500,000. Hakuna msimamizi aliyeshtakiwa. Kwa kampuni ya ukubwa ule faini hiyo si adhabu hata kidogo, na sioni njia ya kulisema hili kwa upole. Ila kulikuwa na ushindi mmoja: waendesha mashtaka walitaka shauri liishe kwa njia ya mkato bila kusikilizwa hadharani, mahakama ikakataa, na rais mpya wa kampuni akalazimika kusimama kizimbani.

Juni 2018 bunge likapitisha sheria ya mageuzi ya kazi, iliyoanza Aprili 2019 kwa kampuni kubwa. Kwa mara ya kwanza Japani ikaweka kikomo cha saa za ziada chenye adhabu: 45 kwa mwezi na 360 kwa mwaka, na katika vipindi maalumu chini ya 100 kwa mwezi na zisizozidi 720 kwa mwaka. Kabla ya hapo, makubaliano maalumu na wawakilishi wa wafanyakazi yaliweza kufungua mlango bila mwisho. Bado, "chini ya 100" inaruhusu 99, na hesabu ya usingizi tumekwisha kuifanya. Madaktari walisubiri mpaka Aprili 2024, na kwa baadhi yao kikomo kikawa saa 1,860 kwa mwaka.

Kwa kulinganisha, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inaweka saa 45 kwa wiki, saa za ziada zisizozidi 50 katika wiki nne, na isizidi saa 12 za kazi kwa siku, za ziada zikiwemo. Kwa maandishi mfanyakazi wetu analindwa. Lakini sheria yetu nayo inategemea saa zilizoandikwa. Karani anayemalizia hesabu nyumbani saa 5 usiku, au mhudumu wa wateja anayejibu ujumbe wa WhatsApp wa bosi akiwa kitandani, yuko katika pengo lilelile la Matsuri. Ukitaka kujua hali ya ofisi yako usianze na mahudhurio; anza na saa ambazo barua pepe zinatumwa.

Mwaka 2019 ofisi ya Mita iliionya tena Dentsu kwa saa za ziada zilizovuka mipaka mwaka uliotangulia. Taa zilikuwa zikizimwa. Na katika mwaka wa fedha wa 2023, Japani ilitambua kesi 883 za maradhi ya akili yaliyosababishwa na kazi, rekodi kwa wakati huo, chanzo kilichoongoza kikiwa ni unyanyasaji wa wakubwa kazini.

Kipo kipimo kimoja ambacho rekodi ya uongo hukisumbua kidogo kuliko vingine: muda kati ya kutoka kazini na kurudi. Nchi za Umoja wa Ulaya zinalazimika kumhakikishia mfanyakazi saa 11 mfululizo za kupumzika katika kila saa 24. Mlango wa jengo unaweza kuzihesabu bila mfanyakazi kujaza chochote, na bila bosi kumwambia apunguze tarakimu. Anayetoka saa 7 usiku haruhusiwi kuingia kabla ya saa 6 mchana. Kwa Matsuri, mlango ungemkataa mara nyingi sana Oktoba ile, na kila mara angekataliwa, mtu fulani wa juu angelazimika kueleza kwa nini. Sheria ya Japani ya 2018 iliutaja utaratibu huu, ikawaachia waajiri kama jambo la kujitahidi tu.